Mwamba ngozi wa Mji wa Miamba

Jirani aligonga mlango alfajiri, kanga ameizungushia puani, akaniuliza kama kuna kitu kimefia uvunguni mwangu. Nikamwambia hakuna msiba, ni mbuzi tu. "Mbuzi yupi tena, dada, na hapa hakuna anayefuga?" Nikamshika mkono nikampeleka uani, nikafunua diaba. Ndani mlikuwa na ngozi mbili, siku ya nne kwenye maji ya chokaa, zimevimba na kuwa nyeupe kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, manyoya yanang'oka kwa kuguswa tu. Alitazama, akatema mate pembeni, akasema: "Na wewe ndiye uliyesoma hadi chuo."

Tangu siku hiyo tuna mkataba. Diaba la chokaa halikai uani zaidi ya siku tano, na kabla ya kulifunua namtumia ujumbe ili aanue nguo zake.

Nashona ndala na mikoba hapa Mabatini, Mwanza, Mji wa Miamba, na kwa miaka mingi sikujali ngozi ilikotoka. Unanunua kwa futi, unakata, unashona, unauza. Ngozi niliyokuwa nanunua ilitoka mbali na ilikuwa ghali, ilhali mchinjaji ninayemfahamu aliniuzia ngozi mbili mbichi za mbuzi kwa bei ya soda moja, tena akanishukuru kwa kumwondolea uchafu. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Mkoa umejaa ng'ombe na mbuzi. Zamani Mwanza ilikuwa na kiwanda cha ngozi cha umma, kama Moshi na Morogoro. Kwa nini mimi nisubiri basi la mzigo?

Nilipoanza kuulizia, mwuza kemikali mmoja alinijia na mfuko wa nailoni usio na maandishi, ndani yake unga wa kijani. "Hii ndiyo kromu, dada. Siku moja tu ngozi imeiva." Nikamwuliza maji yake nayamwaga wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ya kunawa yanamwagwa wapi. "Si kuna mtaro?"

Upo kweli. Mtaro wetu unateremkia Mto Mirongo, na Mirongo unakatiza katikati ya mji hadi ziwani. Sikuununua ule unga. Si ushujaa, niliogopa kuuliza swali la pili nikapata jibu la aina ileile.

Lakini kromu nayo isisingiziwe, maana mitandaoni inasemwa kama sumu ya panya. Mwaka 1858 Mjerumani Friedrich Knapp alionyesha kwamba chumvi za kromiamu zinaweza kuifanya ngozi mbichi isioze, na mwaka 1884 Augustus Schultz akapata hataza Marekani kwa njia ambayo viwanda viliweza kuitumia. Kabla ya hapo, ngozi nene ya soli ililazwa mashimoni pamoja na magome ya miti kwa miezi, pengine mwaka na zaidi. Kromu ikaifupisha miezi ile kuwa siku moja au mbili. Na ngozi yake ni laini, inakubali rangi yoyote, inastahimili maji ya moto. Ndiyo maana sehemu kubwa kabisa ya ngozi duniani leo ni ya kromu, na viatu ulivyovaa unaposoma hapa, kama ni vya ngozi, huenda ni hivyo hivyo.

Inayotumika kiwandani ni kromiamu ya tatu, ambayo si mbaya kama inavyosemwa. Mbaya ni ndugu yake, kromiamu ya sita: hiyo inaleta saratani, na ikigusa mwili inaleta mzio. Tatizo ni kwamba ya tatu inaweza kugeuka kuwa ya sita, kwa mfano mabaki ya ngozi yakichomwa moto, au ngozi iliyotengenezwa ovyo ikikaa kwenye joto. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Mei 2015, hauruhusu bidhaa ya ngozi inayogusa mwili iwe na kromiamu ya sita inayofikia miligramu 3 kwa kilo. Huko kwetu mabaki ya ngozi ya fundi viatu yanawashia jiko la mkaa. Mimi mwenyewe nimewashia.

Na kuna suala la maji. Kwa utaratibu wa zamani, karibu theluthi ya kromu haishiki kwenye ngozi, inabaki majini. Kiwanda chenye mtambo wake kinaweza kuitenga, kuikusanya na kuitumia tena, na kikifanya hivyo sina neno nacho. Mimi nina madiaba mawili na mtaro.

Na mtaro wenyewe unaishia kwenye ziwa lisilosahau upesi. Victoria lina mlango mmoja wa kutokea, Nile kule Jinja, na maji mengi yanayoliondoka hayapiti hata huko. Yanapaa kwa jua. Maji yakipaa, kilichokuwa ndani yake hakipai. Sisi wa Mwanza tunayanywa maji hayo, na kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yanasukumwa kwa bomba hadi Shinyanga na Kahama. Shangazi yangu yuko Kahama. Nikimwaga kitu Mabatini, sitaki kimfuate kwenye chai.

Basi nikarudi kwenye miti, na kumbe jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu utotoni.

Ukiuma pera changa au ndizi mbichi, ulimi unakakamaa, mashavu yanavutwa ndani kama mfuko uliokazwa kamba. Tunauita ukakasi. Kinachofanya vile ni tanini, na inafanya hivyo kwa kuyakamata mate yako, kwa sababu mate yana protini. Ngozi nayo ni protini, ile iitwayo kolajeni, nyuzi kwa nyuzi zimesokotana. Tanini inapenya katikati ya nyuzi, inazishika, inayasukuma maji, na bakteria wakija hawapati pa kuuma. Yaani kutengeneza ngozi kwa mimea ni kuilisha ngozi pera changa mpaka ishibe. Ile chai ya rangi inayoacha alama kahawia kwenye kikombe cha bati ni jamaa wa ukoo uleule.

Mti wenye ukakasi kwetu Usukumani ni mdubilo. Kwa Kiswahili ni mgunga, ingawa Kiswahili kinaiita miti kadhaa mgunga. Wenye vitabu waliuita Acacia nilotica, siku hizi Vachellia nilotica. Una gamba jeusi lililopasukapasuka, miiba mieupe, maua ya njano ya duara kama vishada vya kofia, na matunda yake ni yale maganda marefu yenye mbegu, yamebonyea kidogo kati ya mbegu na mbegu. Sudan wanayaita garad na wametengenezea ngozi tangu enzi na enzi. Wahausa wa Kano nao wana bagaruwa, mti uleule, na ngozi zao za mbuzi zilivuka Sahara kwa ngamia hadi Ulaya, ambako watu waliziita ngozi za Morocco kwa kuwa Morocco ndiko walikozinunulia. Hata ngozi inaibiwa jina.

Babu yangu mmoja wa Magu, mjomba wa mama, alikuwa akiwamba ngozi ya ng'ombe kwa vigingi, anaiparua, anaipaka siagi, anaikanda kwa miguu hadi ilainike. Ya mdubilo aliifanya alipotaka kamba ngumu isiyooza mvuani. Nilipompigia simu alicheka sana. "Mjukuu wangu, mjini viatu vimeisha?"

Ngozi ya kwanza niliiharibu kwa haraka zangu. Nilitwanga maganda, nikaloweka, nikachemsha hadi maji yakawa meusi kama kahawa ya Bukoba, yalipopoa nikaitumbukiza. Siku ya pili ilikuwa na rangi ya kahawia inayong'aa. Nikaipiga picha, nikaituma kwa kila mtu. Siku ya nane ilikuwa imekunjamana kama uso wa mtu aliyekula ndimu. Nikakata ukingo kwa wembe nikatazama unene wake: juu kahawia, chini kahawia, katikati mstari mweupe wenye unyevu. Ule mstari ulikuwa mbichi, na ulikuwa unanuka. Nilikuwa nimeipaka ngozi rangi ya ngozi.

Babu aliposikia hakushangaa. "Mtoto mchanga ulimpa makande?" Maji makali yanazikamata nyuzi za juu mara moja, zinajifunga, na tanini nyingine haipati njia. Unaanza na maji mepesi kama chai iliyokosa majani, siku mbili tatu. Halafu unaongeza. Halafu unaongeza tena. Ile kahawa ya Bukoba ni ya mwisho.

Ya pili niliifuata kwa utaratibu, ila diaba lilikuwa limepasuka, nikatumia nusu ya pipa la chuma. Asubuhi ngozi ilikuwa na mabaka meusi ya bluu, kama imepigwa. Tanini ikikutana na chuma inakuwa wino, si kwa mfano, ni wino hasa. Ulaya waliandikia karne nyingi mchanganyiko huohuo. Nikaisugua kwa ndimu, mabaka yakafifia kidogo, nikaamua kuifanya yote nyeusi na kusema ndivyo nilivyokusudia. Mkoba ule ulinunuliwa wa kwanza. Mteja alisema weusi wake una kina.

Ya tatu ndiyo iliyotoka, na ngoja niseme ilivyokuwa, kwa sababu kazi ya mikono ukiisimulia kwa juu juu inaonekana kama uchawi. Chokaa siku nne. Nikaitandika kwenye gogo la mwembe nililoliegemeza mshazari, nikasukuma panga butu kutoka tumboni kwenda mbele. Manyoya yanateleza yote kwa pamoja, kama mtu anayekunja mkeka. Nikaigeuza, nikaparua nyama na mafuta. Kisha maji safi mara tatu, kisha maji ya pumba za mahindi yaliyochacha, yale yanayotoa mapovu na harufu ya togwa iliyopitwa na wakati, ili yaitoe chokaa iliyobaki. Hapo ndipo utamu ulipo. Ngozi inaingia ikiwa ngumu imevimba kama mpira, inatoka imelegea kama kitambaa kilicholowa. Ukiibonyeza kwa kidole gumba, alama inabaki na mistari yote ya kidole. Nilikaa naibonyeza tu. Baadaye ikaingia kwenye mdubilo, mwepesi kwenda mkali, naigeuza asubuhi na jioni, siku 19. Nikakata ukingo. Kahawia moja, upande hadi upande.

Ikabaki kuilisha mafuta, maana ikikauka bila mafuta inakuwa ubao. Nikajifanya mjanja wa ziwani nikatumia mafuta ya sangara, yale yanayokamuliwa Kirumba. Kitaalamu sikukosea, mafuta ya samaki yanatumika kwenye ngozi tangu zamani. Ila mkoba uliponunuliwa ukaenda ofisini, ulirudi baada ya siku tatu na ujumbe: dada, huu unanukia Mwaloni, kule sokoni kwa samaki. Sasa natumia samli kidogo na nta.

Mtu akikuuzia ngozi na kukuapia ni ya mimea, omba kipande chembamba, kitumbukize kwenye maji yanayochemka. Ya kromu inakaa imetulia. Ya mimea inajikunja palepale kama utumbo kwenye kikaango, kwa sababu inaanza kusinyaa joto likifika kwenye nyuzi 70 hadi 85. Ni udhaifu wa kweli. Nawaambia wateja: usianike ndala zangu zilizolowa karibu na jiko. Na msinidai ngozi nyeupe au ya pinki. Rangi ya mdubilo ni kahawia, na inazidi kuiva kwa jua.

Hayo ndiyo mapungufu wanayoyajua wanunuzi. Lipo lingine ambalo sisi wauzaji wa "ngozi salama kwa mazingira" hatupendi kulitaja. Mwamba ngozi huvutia kwake, na katika Mji wa Miamba nami nina upande wangu ninaouvutia, basi acha nilegeze kamba kidogo. Maji yangu ya kahawia si ya kunywa. Tanini ikimwagwa kijitoni inayatia maji giza, na vijidudu vinavyoimeng'enya vinakula hewa ambayo samaki wanaihitaji. Chokaa, manyoya na mafuta yaliyoparuliwa ni yaleyale, uwe wa kromu au wa mti. Tofauti niliyoiona ni kwamba uchafu wangu unaonekana, unanuka, unanigombanisha na jirani, na mwisho unaoza. Maji ya mdubilo siyamwagi. Yaliyochoka yanakuwa chai nyepesi ya ngozi inayofuata, kisha nayatia nguvu kwa maganda mapya. Makapi yanakauka, yanawashia jiko. Maji ya chokaa yanatuama kwenye shimo, tope lake nachanganya na udongo. Ule unga wa kijani ningeufanyia nini?

Na magome? Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Ukisema mimea, watu wanachukua panga wanakwenda kumenya mti. Miwati ya Njombe ni shamba: imepandwa kwa kusudi hilo, kampuni ya miwati ilianza huko mwaka 1949, mti unakatwa umekomaa, gome linatoa tanini, gogo linatumika, mwingine unapandwa. Sawa. Lakini magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa shehena kwa shehena enzi za Wajerumani kwa kazi hiihii, na hapo sioni tofauti kubwa kati ya mtengeneza ngozi na mchoma mkaa. Ukimenya gome la mti kuuzunguka, umeuua. Usukumani tumeshakata vya kutosha; vijana wa leo hawajui kwamba ngitili nyingi, yaani malisho yaliyotengwa, wanazoziona Shinyanga zilirudishwa kwa jasho, tangu mradi wa HASHI, wa kuhifadhi ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, wazee wakafunga maeneo ili miti iote tena. Siendi huko na panga. Naokota maganda yaliyoanguka. Tanini imo humohumo, na mti mwakani unazaa tena.

Nilidhani hiyo ni hoja isiyo na mpinzani, mpaka nilipokwenda Magu mwezi wa nane na magunia matatu.

"Mwadila, babu."

"Mwadila. Hayo magunia ya nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza. Nyuma yake mbuzi kama ishirini walikuwa wamejikusanya chini ya mdubilo, shingo juu, wanasubiri upepo uangushe maganda. Nyasi zilikuwa zimeisha tangu mwezi wa sita.

"Yaani, mjukuu wangu," akasema polepole, "unataka kuchukua chakula cha mbuzi ili utengeneze ngozi ya mbuzi."

Nilikosa jibu. Nilikaa kwenye kigoda, yeye akaendelea kusuka kamba. Baada ya muda akaokota ganda moja, akalivunja, akatia mbegu mdomoni, akatafuna. Kisha akanipa ganda tupu. "Onja." Ukakasi ukanivuta mashavu hadi machozi yakatoka. "Sasa onja mbegu." Mbegu ilikuwa ngumu, haina ladha ya maana, ukakasi karibu hakuna.

Ndivyo tulivyogawana. Maganda yanatwangwa kidogo kwenye kinu ili yapasuke tu, yanapepetwa kwa ungo. Ganda langu, mbegu zinapondwa, za mbuzi wake. Na theluthi ya miti haiguswi, maganda yake yanaanguka na kuliwa yote, maana mbuzi ndiye anayezisambaza mbegu kwa choo chake na mimi sitaki kuwa mtu aliyekata uzazi wa mdubilo. Niliondoka na gunia moja na robo badala ya matatu. Kwa hesabu yangu linanitosha ngozi chache tu, kwa hiyo ndala zangu zitabaki Sh35,000 na nitaendelea kuulizwa kwa nini ni ghali kuliko za dukani.

Nilipokuwa nafunga gunia kwenye bodaboda babu akaniita tena. Anataka mshipi wa kufungia dume lake jipya, wa ngozi ya ng'ombe, unene wa kidole, wa mdubilo, siyo ya dawa za mjini.

"Ya ng'ombe itachukua miezi, babu. Labda mitatu, labda minne."

Akalitazama dume, akanitazama mimi. "Basi kwa sasa niletee kamba ya nailoni."